Kitu Kimoja, Jina Moja: Namna ya Kuusoma Mwongozo wa Kifaa chenye Programu Ndani Yake

Matini ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya watumiaji wa huduma na bidhaa katika maadhimisho ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani, tarehe 15 Machi.



Mamlaka imenituma nizungumze nanyi juu ya majina. Si majina ya watu wala ya mitaa, bali majina ya vitufe, ya sehemu za vifaa, ya namba tunazoingiza katika mita, na ya maneno yanayojitokeza katika kioo cha kifaa. Nitazungumzia pia sura ya majina hayo katika karatasi: kama yameandikwa kwa herufi kubwa au ndogo, kama yamekolezwa au yameachwa yapotelee katikati ya maneno mengine. Najua wapo waliokuja wakitarajia habari za bei, na pengine sasa wanajuta kuamka mapema. Naomba wanivumilie, kwa maana jambo hili limewahi kuilaza nyumba ya bibi yangu gizani, na fedha ya umeme ilikuwa imekwisha kulipwa.

Bibi yangu mzaa mama ana kisukari, na insulini yake hukaa katika jokofu. Jioni moja umeme ulimwishia. Mita yake iko juu ya nguzo, nje. Ndani ya nyumba kuna kile kifaa kidogo chenye vitufe vya namba ambacho mitaani tunakiita rimoti ya LUKU. Mimi nilikuwa mbali, nikamnunulia umeme kwa simu na kumtumia namba. Nyumbani alikuwapo binamu yangu, kijana wa darasa la sita, hodari wa kusoma. Kwa kuwa rimoti ilikuwa mpya, aliutoa mwongozo wake sandukuni na kuufuata neno kwa neno.

Ukurasa wa pili wa mwongozo ule uliita rimoti “kifaa cha mteja”. Ukurasa wa nne uliita “kibodi”. Ukurasa wa tano uliita “kitengo cha kuingizia data”. Kijana akaanza kupekua sanduku akitafuta vifaa viwili vilivyosalia. Alipokata tamaa ya kuvipata, aliingiza namba zote ishirini kwa kutumia kile alichokuwa nacho, kisha akafika penye kitufe cha kumalizia. Hapo mwongozo ulisema “bonyeza Enter”. Mistari miwili mbele ulisema “baada ya kubonyeza Ingiza, subiri”. Katika jedwali la mwisho ulisema “kama hukubonyeza Thibitisha, namba haitapokelewa”. Na juu ya rimoti yenyewe hapakuwa na Enter, wala Ingiza, wala Thibitisha. Palikuwa na mshale mmoja uliopinda.

Alinipigia simu akiwa karibu kulia. “Dada, kitufe cha Thibitisha kimeng'oka.”

Sikuwa nimewahi kuiona rimoti ile, hata nami sikuweza kumsaidia. Walilala gizani. Bibi aliitia chupa ya insulini katika mfuko wa nailoni, akaiweka ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kama alivyokuwa akihifadhi maziwa enzi za ujana wake, na dawa haikuharibika. Asubuhi fundi wa jirani alikuja, akabonyeza mshale uliopinda, taa zikawaka. Kazi hiyo haikumchukua hata dakika moja. Lakini maneno aliyonieleza bibi baadaye ndiyo yaliyonileta mbele yenu leo. Alisema, “Mjukuu wangu, mimi ni mjinga wa mashine, msininunulie vitu vyenye akili.”

Bibi hakuwa mjinga, wala binamu yangu hakuwa mjinga. Mwongozo uliokipa kitu kimoja majina matatu ni mwongozo mbovu, na mwongozo ni sehemu ya bidhaa kama vile waya na plagi zilivyo sehemu ya bidhaa. Kifaa kikifika nyumbani kwako na waya uliokatika utakirudisha dukani bila haya. Ninaloomba leo ni kwamba mwongozo uliokatika nao uonewe hivyo hivyo.

Niseme kwanza kwa nini ninashikilia vifaa vyenye programu ndani yake: mita za umeme, ving'amuzi, ruta za intaneti, mashine za kufulia, vipima presha na vinginevyo. Redio ya babu ilikuwa na swichi ya kuwashia na kinobu cha kutafutia stesheni. Hata mwongozo wake ungepotoka, mkono ungejifunza wenyewe, kwa kuwa kila sehemu ilifanya kazi moja na kazi hiyo ilionekana. Kifaa chenye programu hakiko hivyo. Kitufe kilekile huwasha ukikigusa, huzima ukikishikilia, na huthibitisha jambo fulani ikiwa kioo kinaonyesha swali. Utaratibu wake umefichwa. Njia ya mtumiaji kuujua ni maneno ya mwongozo na maneno ya kioo. Na maneno hayo yasipokubaliana, mtu amebaki na sanduku la plastiki lisilosema naye.

Kasoro ya mwongozo wa bibi ilikuwa kitu kimoja chenye majina mengi. Ipo kasoro nyingine iliyo kinyume chake, na hiyo ni jina moja kubebeshwa vitu vingi. Wengi wenu mliionja hatari yake mwaka 2024, wakati wa kuboresha mita za LUKU, na kwa kuwa jambo lile lilizusha uvumi mwingi, afadhali nilieleze kidogo.

Kila ununuapo umeme, hupewa namba ya tarakimu 20. Ndani ya namba hiyo, pamoja na kiasi cha umeme, mmefichwa wakati iliotolewa, ili namba moja isitumike mara mbili. Wakati huo ulikuwa ukihesabiwa kwa dakika tangu mwanzo wa mwaka 1993, kwa mujibu wa kanuni ya kimataifa ya mita za malipo ya kabla iitwayo STS. Nafasi iliyotengwa kwa hesabu hiyo huishia kwenye dakika 16,777,216, na dakika hizo zilikuwa zinatimia tarehe 24 Novemba 2024. Mita ambayo isingeboreshwa kabla ya siku hiyo ingekataa kila namba mpya. Haikuwa njama ya mtu wala adhabu kwa wadaiwa. Ni hesabu iliyojaa, nayo ilizigusa nchi nyingi, Kenya na Tanzania zikiwamo. Dawa yake ilikuwa kuingiza namba mbili za kubadilisha ufunguo wa siri wa mita, kisha ndipo namba ya umeme. Mteja aliyenunua umeme katika kipindi hicho alipokea mafungu matatu ya tarakimu 20.

Sasa tazameni tatizo la jina. Mafungu yote matatu, katika vinywa vya watu, yaliitwa “tokeni”. Yote yalikuwa na urefu mmoja. Mawili hayakuwa umeme, moja lilikuwa umeme. Mwenye kuzoea kwamba tokeni ni umeme aliingiza fungu la kwanza na kuona uniti hazikuongezeka. Angelaumiwaje kwa kudhani ameibiwa? Aliyeanza na la tatu, kwa kuwa ndilo lililo chini kabisa ya ujumbe wa simu na karibu na kidole, alikataliwa na mita, maana namba ile iliandikwa kwa ufunguo ambao mita ilikuwa bado haijapewa. Fikirieni karatasi mbili. Moja imeandika “tokeni, tokeni, tokeni”, kisha tarakimu sitini zikafuatana kama siafu. Nyingine imeandika “Namba ya kuboresha mita, ya 1”, “Namba ya kuboresha mita, ya 2”, “Namba ya umeme, ya 3”, kila moja katika mstari wake, tarakimu zimegawanywa nne nne. Maelezo ya kitaalamu katika karatasi zote mbili ni yaleyale. Mwenye karatasi ya pili atawasha taa yake mapema zaidi, na hatapiga simu kwa mtu.

Kule kugawanya tarakimu nne nne si pambo. Jaribuni usiku, kwa mwanga wa simu, kunakili tarakimu ishirini zilizoshikana; jicho litateleza, na utarudia ya nane au kuiruka ya kumi na tatu. Lakini mgawanyo wenyewe nao lazima uwe mmoja. Ikiwa risiti imezigawa nne nne, na ujumbe wa simu ukazigawa tano tano, na mwongozo ukazionyesha zimeshikana, mtu atauliza, na ni haki yake kuuliza, kama ni namba ileile.

Je, kasoro hizi huzaliwa wapi? Nilisoma Kiswahili chuo kikuu, si uhandisi, na nilipoajiriwa nilidhani kosa ni la mfasiri aliyechoka. Baada ya kupewa kazi ya kupitia miongozo nilianza kufuata mto kuelekea chemchemi yake, nikafika kwa wahandisi wenyewe. Kabla ya mwongozo wako kuandikwa, zilikuwapo nyaraka ambazo wewe huzioni: nyaraka za waliotengeneza programu ya kifaa. Humo wanataja zana zao, na humo ndimo mazoea ya kutaja majina hujengeka au hubomoka.

Nitoe mfano mmoja. Iko programu iitwayo U-Boot, iliyoanzishwa na mhandisi Mjerumani, Wolfgang Denk. Imo katika ruta nyingi na vifaa vingine vingi vya kielektroniki. Ndiyo inayoamka kwanza kifaa kinapowashwa, kisha huiamsha programu kuu. Jina lake kamili ni “Das U-Boot”, nalo kwa Kijerumani ni nyambizi. Wahandisi nao wana mizaha yao. Katika faili la maelezo linaloambatana na programu hiyo wenyewe waliweka sehemu maalumu juu ya namna ya kuliandika jina. Katika maandishi yote ya kusomwa na watu liandikwe “U-Boot”, kwa U kubwa, kistari, na B kubwa. Katika majina ya mafaili lifuate umbo “u-boot”, kwa herufi ndogo. Ndani ya programu, mahali ambapo kistari hakiruhusiwi, liwe “u_boot” au “U_BOOT”. Watu wanaoshughulika na mambo mazito ya mashine waliona inafaa kukaa chini na kukubaliana juu ya kistari kimoja.

Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka. Baadaye nikaelewa. Kompyuta zao nyingi hutofautisha herufi kubwa na ndogo. Iko zana nyingine, BitBake, inayotumika kuunganisha vipande vya programu za vifaa kama hivi. Jina la zana lina B mbili kubwa, lakini amri ya kuiendesha ni “bitbake”, herufi ndogo tupu. Mhandisi mgeni akiandika amri hiyo kwa B kubwa, mashine humjibu kwamba amri haipo. Kwa hiyo mwandishi mzuri wa nyaraka zao hufanya mambo mawili. Anapoizungumzia zana, huandika jina lake kama jina la mtu linavyoandikwa. Anapomtaka msomaji aandike amri, huiweka katika herufi za namna nyingine, zile zinazofanana na za mashine ya taipu, ili jicho lijue bila kuambiwa: hiki ni cha kusoma, hiki ni cha kuandika kama kilivyo. Na hashikilii kanuni hiyo katika sura ya kwanza na kuisahau katika ya tano, kwa kuwa akibadili sura ya herufi, msomaji ataamini kwamba na maana imebadilika.

Mhandisi anayekutana na nyaraka zisizo na utaratibu huo hupoteza robo saa na kuguna. Ila nyaraka hizo hukabidhiwa mwandishi wa mwongozo, ambaye naye hakukaa na wahandisi. Akikuta humo “moduli ya kuingiza”, “paneli” na “rimoti”, atajuaje kwamba ni kitu kimoja? Huandika vyote vitatu. Mfasiri naye hupokea vitatu, na kwa uaminifu wake huvitafutia maneno matatu ya Kiswahili. Pengine manne, kwa kuwa kazi iligawanywa kwa wafasiri wawili. Ndivyo robo saa ya mhandisi inavyogeuka kuwa usiku mzima wa bibi yangu.

Nasi wapenzi wa lugha tuna sehemu yetu ya lawama. Shuleni, katika insha, tulifundishwa kwamba kurudiarudia neno ni umaskini wa msamiati. Ukiandika “mto” mara tatu, mwalimu hupiga mstari mwekundu. Nami nilipata sifa kwa visawe vyangu. Mafunzo hayo ni mazuri kwa insha, lakini katika mwongozo wa kifaa ni sumu. Humo neno “kitufe” litajwe mara mia, liwe “kitufe” mara mia, lisiwe “swichi” hata mara moja. Nilihitaji miezi kadhaa kazini kabla mkono wangu haujakubali kuandika namna hiyo, na hata leo nikiandika “kioo” mara ya nne katika aya moja, “skrini” huninong'oneza.

Kuhusu tafsiri, yupo atakayeniuliza kama ninataka vifaa vyetu vizungumze Kiingereza. Hapana. Ningependa kiwanda kichapishe INGIZA juu ya kitufe, na mwongozo useme INGIZA. Lakini ikiwa juu ya kitufe pamechapwa ENTER, basi mwongozo wa Kiswahili nao uandike ENTER, kwa herufi zilezile, kisha ueleze kwa Kiswahili kazi yake. Na ikiwa ni mshale, uchorwe mshale. Anayetafuta INGIZA juu ya kifaa kilichoandikwa ENTER hasaidiwi na uzalendo wa mfasiri. Jina la kitufe ni lile ambalo jicho litalikuta juu ya kitufe.

Nimezungumzia giza na chupa ya insulini iliyookoka. Iko habari nyingine, ya Marekani na Kanada, ambayo haikuishia hivyo, na huwa naisita kuisimulia katika mikutano kama huu. Naisimulia kwa sababu inaonyesha mwisho wa njia ambayo mwanzo wake ni mwongozo usiokubaliana na kioo.

Katika miaka ya 1980 kampuni ya serikali ya Kanada ilitengeneza mashine ya kutibu saratani kwa mionzi, iliyoitwa Therac-25. Usalama wake uliachiwa programu kwa kiasi kikubwa, na programu hiyo ilikuwa na kasoro. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987 wagonjwa sita, kwa ajali zinazojulikana, walipigwa na mionzi mingi kupita kiasi. Mbili kati ya ajali hizo zilitokea katika hospitali moja mjini Tyler, jimbo la Texas, mwaka 1986. Mashine ilisimama na kuandika katika kioo maneno ya Kiingereza yenye maana ya “hitilafu”, na namba 54. Mwongozo aliokuwa nao mwendeshaji haukueleza hitilafu namba 54 ni nini. Karatasi iliyobandikwa kando ya mashine ilitoa jina jingine fupi, la kifundi, lisilomwambia mtu afanye nini. Mashine ile ilikuwa na desturi ya kusimama mara nyingi kwa hitilafu ndogondogo, na waendeshaji walizoea kubonyeza kitufe cha kuendelea. Katika ajali ya kwanza ya Tyler mwendeshaji alibonyeza. Wagonjwa wote wawili wa Tyler walifariki mwaka huohuo.

Sisemi kwamba mwongozo ndio uliowaua. Chanzo kilikuwa ndani ya programu na katika usanifu wa mashine yenyewe. Nasema kwamba mashine ilijaribu kusema, na hapakuwa na ukurasa wowote uliolitafsiri neno lake. Mwendeshaji aliachwa akisie.

Kipima presha cha nyumbani si mashine ya mionzi, nami sitaki mtoke hapa mkiviogopa vifaa vyenu. Hata hivyo nacho huandika herufi na namba katika kioo mkanda ukikaa vibaya au betri ikipungua. Neno lile lisipopatikana katika mwongozo, au likipatikana kwa jina jingine, mgonjwa hukubali kipimo kisicho sahihi na kumeza dawa kwa kukifuata.

Basi mnapokwenda dukani, kabla ya kulipa, ombeni kuuona mwongozo. Muuzaji atashangaa, mwacheni ashangae. Fungueni ukurasa wenye mchoro wa kifaa na majina ya sehemu zake, mkishike kifaa kwa mkono wa pili, na mlinganishe. Jina lililo katika mchoro ndilo lililochapwa juu ya kitufe? Kisha mrukie ukurasa wa katikati, popote, mtafute kitufe hichohicho: kinaitwa vilevile, na kimeandikwa kwa sura ileile? Mwongozo mzuri hulitofautisha jina la kitufe na maneno mengine, ama kwa kulikoleza ama kwa kulizungushia kisanduku, na maneno ya kioo huyapa sura nyingine tena, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Halafu tazameni kurasa za mwisho kama kuna jedwali la maneno ya hitilafu, yakiwa yameandikwa kama yatakavyoonekana katika kioo. Mkiwa na simu yenye kamera, piga picha ya jedwali hilo hapohapo. Miongozo hupotea, picha hubaki. Yote haya hayachukui muda wa kunywa kikombe cha chai, na binafsi naona ukurasa ule wa katikati ndio unaosema kweli, kwa kuwa ukurasa wa kwanza kila mtu huuandika kwa uangalifu.

Haki hii haikubuniwa na Mamlaka. Siku tunayoiadhimisha leo inakumbuka tarehe 15 Machi 1962, ambapo Rais John F. Kennedy wa Marekani alilipelekea Bunge la nchi yake ujumbe uliotaja haki nne za mlaji, na mojawapo ni haki ya kupewa taarifa. Majirani zetu wa Kenya wameiweka katika ibara ya 46 ya Katiba yao: mlaji ana haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili afaidi kikamilifu bidhaa na huduma. Taarifa ambayo mtu hawezi kuielewa haijamfikia. Watengenezaji nao wanayo kanuni ya kimataifa ya maelezo ya matumizi ya bidhaa, IEC/IEEE 82079-1, toleo la mwaka 2019, na moja ya mambo inayoyadai ni kwamba istilahi zitumike kwa uthabiti. Kwa hiyo mkilalamika hamwombi hisani.

Namna ya kulalamika ina ufundi wake. “Mwongozo haueleweki” ni lalamiko la kweli, lakini ni rahisi kulizungusha. Atakujibu kwamba wengine wameelewa. Andika ukurasa na maneno. Kwa mfano: “Ukurasa wa 6 unasema Ingiza, ukurasa wa 7 unasema Thibitisha, juu ya kifaa kuna mshale tu, naomba kuandikiwa kama ni kitufe kimoja.” Barua ya namna hiyo haikwepeki. Anzeni kwa muuzaji au mtoa huduma, mtunze nakala na risiti. Asipojibu, nendeni mbele: kwa vifaa na huduma za umeme na maji ni EWURA, kwa mawasiliano ni TCRA, kwa bidhaa na biashara isiyo ya haki ni Tume ya Ushindani, na kwa ubora na viwango ni TBS. Ukikosea mlango, omba uelekezwe mlango sahihi kabla ya kuondoka.

Bibi yangu hakungoja barua. Fundi alipoondoka alimwita binamu yangu, akamwagiza akate kipande cha karatasi na kukibandika kwa gundi chini ya mshale uliopinda. Kijana aliuliza aandike jina lipi katika yale matatu. Bibi akamwambia aandike “HUU”. Mpaka leo, nikimtumia umeme na kumpigia simu, huniambia, “Nimeshaweka namba, nimebonyeza HUU, umeme umeingia.” Katika nyumba ile kitufe kile hakina jina jingine.

Nimeombwa niache nafasi ya maswali. Kwenye meza ile ya kushoto wako wenzangu wawili wenye kalamu na fomu za malalamiko. Aliyekuja na mwongozo uliomshinda aulete na kifaa chake kama amekibeba. Tutaufungua pamoja ukurasa wa katikati.